Kava Bila Kitenzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote tunazowapa wazee wetu, methali hii ilitungwa kabla ya duka la mtandaoni. Pale sokoni Mwika mkungu wa ndizi unauinua, unaugeuza, unaubonyeza kwa kidole, halafu ndiyo mnaanza kupatana bei na mama. Gemu haibonyezwi. Katika duka moja tu, lile la Steam, mwaka 2024 zilitoka gemu mpya zaidi ya 18,000, yaani karibu 50 kila siku iendayo kwa Mungu. Kila moja imekuja na kipicha chake kidogo, na mnunuzi anavipitia vipicha hivyo kama abiria wa dirishani kwenye Hiace inayoteremka Himo. Hapo kizuri hakijiuzi hata kidogo. Kinachomsimamisha abiria ni kava.

Ndugu msomaji, najua utauliza: sisi ni watu wa hadithi na mashairi, gemu inatuhusu nini? Inatuhusu, tena sana. Vijana wanaotunga hadithi leo hawatungi kwenye karatasi tu. Halafu kosa ninalotaka kulisema hapa si la rangi wala la penseli. Ni kosa la sentensi, na sentensi ndiyo kazi yetu.

Nina mshikaji wangu hapa Mwika ambaye kwa miaka miwili anatengeneza gemu. Jina lake naliacha, mwenyewe kapenda hivyo. Ana kompyuta moja ya mkononi ambayo betri yake imekwisha, kwa hiyo umeme ukikatika naye anakatika. Hadithi ya gemu yake mnaijua, tumeisimuliwa wote tangu utotoni: Mawenzi alikuwa akizimikiwa na moto kila mara, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba kaa, leo, kesho, keshokutwa, mpaka Kibo akachoka na usumbufu ule, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana mpaka leo Mawenzi kachongoka na kuvunjika-vunjika vile. Katika gemu hii wewe ni mtoto wa Mawenzi. Umetumwa kwa Kibo, umepewa kaa la moto ndani ya chungu, na kazi yako ni kulifikisha nyumbani kabla halijazimika. Unapita kwenye migomba, unaruka mifongo ya maji, unajificha mapangoni, unaukinga upepo kwa mgongo wako. Nimeicheza. Nakwambia ni bomba. Kuna mahali kaa linabaki jekundu kama punje moja tu ya kahawa iliyoiva, na unajikuta unapunguza pumzi zako mwenyewe usije ukalizima.

Sasa njoo kwenye kava. Aliileta kijiweni tuitazame. Kibo yuko katikati, amevaa theluji mpaka mabegani. Chini kuna mgunga mmoja, yule mti wa mwavuli. Chini ya mgunga kuna tembo. Nyuma jua linazama, anga lote rangi ya chungwa. Juu yake kuna jina la Kiingereza lenye maneno manane, limeandikwa kwa herufi zilizochorwa kama vipande vya mianzi.

Mimi nikamwuliza swali moja: aliyechora hii alikuwa amesimama wapi?

Kwa sababu, jamani, Mwika hatuna mgunga uwandani wala tembo anayevuka mbele ya mlima. Tukiinua macho tunaona kwanza majani ya mgomba, kisha mruka na miti mingine ya kihambani, kisha msitu, kisha wingu. Wingu likikubali kuondoka, aliye karibu nasi ni Mawenzi na meno yake, na Kibo yuko nyuma kule kushoto. Ile picha ya tembo na mlima ni picha ya Amboseli, ng'ambo, nchini Kenya. Ni picha nzuri kabisa, sina ugomvi nayo. Lakini ni picha ya mtu aliyesimama mbali, aliyekuja kwa gari na ataondoka kwa gari. Mshikaji wangu kakulia kihambani, kachota maji kwenye mfongo, halafu siku ya kuijulisha gemu yake kwa dunia akasafiri mpaka Amboseli ili aitazame nyumba yake kutoka huko.

Hata theluji yenyewe ni ya kuazima. Watafiti waliopima barafu ya Kibo walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika mwaka 2007. Bibi zetu walikiona kilemba kizima. Sisi tunaona vipande. Kava ile imemvika Kibo kilemba cha kwenye lebo.

Ugonjwa huu haukuanza na gemu, na si wa huku kwetu peke yake. Mwaka 2014 tovuti ya Africa is a Country ilipanga pamoja majalada ya vitabu vingi kutoka Afrika au kuhusu Afrika, na karibu yote yalikuwa na mgunga uleule na jua lilelile la kuzama. Kilichouma ni kwamba vitabu vile havikufanana. Kimoja cha Nigeria, kingine cha kusini, kimoja cha mapenzi, kingine cha vita, na wote wamekalishwa chini ya mti mmoja ambao pengine hauoti hata kilomita mia tano karibu na hadithi yenyewe. Walioweka mti ule hawakuwa wamesoma kitabu. Walisoma neno Afrika, wakaishia hapo.

Lakini mahali pa kusimama ni nusu tu ya hoja yangu. Nusu ya pili ni hii: kava ile haina kitenzi.

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mlima, tembo, mti, jua ni majina manne, na majina manne yakipangwa mstari hayawi sentensi. Nani anafanya nini? Hakuna. Tembo kasimama. Mlima umekaa. Jua linazama, lakini hilo huzama kila siku bila kulipwa. Gemu kwa asili yake ni kitenzi kuliko sanaa nyingine yoyote: ruka, beba, jifiche, kinga, kimbia. Mtu haiangalii gemu, anaifanya. Sasa kitu ambacho mwili wake wote ni vitenzi ukikivika vazi la majina matupu, mnunuzi atajuaje anaitwa kufanya nini?

Chukueni mfano wa gemu ya Kijapani, Ico, ya mwaka 2001. Ni hadithi ya mvulana mwenye pembe na msichana anayemwongoza kwa mkono kutoka ndani ya ngome. Kwa Japani na Ulaya ilivaa kava iliyochorwa na mtungaji wake mwenyewe, Fumito Ueda, akifuata michoro ya Mtaliano Giorgio de Chirico. Kuna majengo makubwa yaliyo kimya, vivuli virefu, na watu wawili wadogo sana wanaokimbia wameshikana mikono. Gemu nzima iko pale: kushikana, kukimbia, na ukubwa wa kitu mnachokikimbia. Kwa soko la Marekani gemu ileile ilipewa kava nyingine, ambayo imelaumiwa mpaka leo. Sura ya mvulana imekuzwa, kashika rungu, anatukazia macho. Kila kitu kipo, rungu lipo, pembe zipo, msichana yupo kwa nyuma, ila tendo hakuna. Ueda alichora sentensi. Ile nyingine ni orodha ya vitu vilivyomo ndani ya boksi.

Au tazameni Journey ya mwaka 2012, kwani nayo ni gemu ya mlima. Kuna mtu mmoja mwenye joho jekundu, mchanga mwingi, na kwa mbali kilele chenye mwanga. Mlima ule haukuwekwa pale kuwa pambo. Ni mahali pa kwenda, na yule mtu ni mdogo kiasi kwamba unaisikia safari miguuni kabla hujagusa kitufe. Kwa hiyo sisemi mlima usichorwe. Nasema mlima ufanye kazi.

Na ikiwa mtu anadhani haya ni mambo ya Japani na Marekani tu, basi ateremke Machame. Sam Ntiro, mzaliwa wa kule, aliyesoma Makerere na baadaye London, na aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza, mwaka 1956 alichora picha ya watu wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA. Hebu lisikilize jina lake tu, hata kabla ya kuiona: kuna watu, kuna mzigo, kuna safari, kuna anayengojewa, na kuna giza. Ntiro hakuwa na haja ya kumtangaza Kilimanjaro. Alikuwa amesimama ndani ya kihamba, anatazama watu wake wakifanya jambo, na dunia ikaja kununua. Miaka karibu sabini baadaye wajukuu zake wanamchora tembo.

Hapo kijiweni mshikaji wangu hakunyamaza. Akasema, "Mangi, maneno yako matamu, lakini mzungu atajuaje hapa ni Kilimanjaro bila tembo? Huyo ndiye mwenye kadi ya benki." Na wengine wakamuunga mkono, kwani swali ni la haki, nami sitaki kulikimbia. Yeye analipa dola 100 kuingiza gemu moja Steam. Dola 100 Mwika ni hela ndefu. Hana nafasi ya kuchezea.

Jibu langu ni la biashara tupu. Tembo na mlima vinauza safari kwa sababu kinachouzwa ni safari, na mtalii akifika anamkuta tembo. Ahadi imetimia. Katika gemu ya kaa la moto tembo hayumo. Anayebonyeza kava ile ni mpenzi wa wanyama, anatafuta mbuga, na dakika ya kumi anajikuta gizani kwenye migomba akipuliza chungu. Steam ina sheria: ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili, unarudishiwa pesa yako. Basi huyo ataomba, tena atakuandikia maoni ya hasira yasomwe na wote. Na yule ambaye angeipenda, mwenye roho ya kupenda giza na pumzi na kaa dogo, ameshapita zamani, kwa sababu alipoona tembo akajisemea hii si yangu. Kava ya uongo inakupoteza mara mbili: inamleta asiyefaa na kumfukuza anayefaa.

Tena msidhani ulimwengu hauna hamu na vya kwetu vikiwa katika sura yake. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o ya Cameroon ilitoa Aurion, gemu ya dunia waliyoitunga wenyewe. Mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: ZAU, hadithi ya kijana anayepatana na mungu wa mauti ili amrudishe baba yake, na unaweza kuicheza ikisemwa Kiswahili mwanzo mwisho. Yule aliitunga kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Hakuna tembo aliyeitwa kutoa udhamini.

Wiki iliyofuata jamaa alirudi na kava ya pili. Hii hakuichora yeye, aliiagiza kwa ile mitambo ya akili bandia: unaandika maneno, inakutolea picha. Aliandika mtoto, Kilimanjaro, moto, usiku. Ikatoka picha inayong'aa kama kioo cha saluni, mtoto kavaa shanga za Kimasai, kashika mwenge, na nyuma, amini usiamini, mgunga. Mtambo hauna kosa. Umelishwa picha za watu waliosimama Amboseli, nao umetapika Amboseli. Elimo Njau, mchoraji wetu wa Marangu, hatua chache kutoka hapa tulipo, alijulikana kwa kauli yake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Aliisema mitambo hii haijazaliwa. Na ukiitumia, Steam inakutaka utangaze, kwa hiyo hata siri haibaki.

Kava ya tatu kaichora kwa mkono wake, kwa penseli, akaipiga picha na simu na kuitia rangi kwenye kompyuta. Mtoto yuko kwa karibu, amejikunja juu ya chungu, kiganja kimekinga upepo. Mwanga pekee katika picha nzima unatoka kwenye lile kaa, unapaka kidevu, vidole, na ukingo wa jani moja la mgomba. Juu kabisa, meno ya Mawenzi yamekata anga. Nani anafanya nini? Mtoto anakinga moto. Sentensi imekamilika. Na amesimama wapi? Nyumbani.

Hata hivyo mimi ni mhakiki, si shabiki, na kava hii bado ina matatizo mawili ambayo naomba kila anayechora kwa ajili ya duka ayapime.

La kwanza ni jina. Maneno manane hayakai. Picha ndogo kuliko zote katika Steam kwa miaka mingi ilikuwa pikseli 231 kwa 87, upana usiozidi ubavu wa kiberiti, na hata sasa unapoombwa kuileta ikiwa na ukubwa maradufu, kwa jicho la mnunuzi ni kiberiti kilekile. Ikoni ya Google Play ni mraba wa pikseli 512, lakini kwenye simu inaonekana kama stempu. Ingiza maneno manane humo uone kama hayatageuka kuwa sisimizi. Tazameni Salim alivyofanya busara kuwa na neno ZAU, herufi tatu. Mimi nimempendekezea jamaa aite gemu yake Kaa. Ni jina la kile kinachobebwa, na kwa sikio la Mswahili ni amri pia: kaa, usizimike. Mgeni asiyejua maana ataweza walau kulisoma na kulikumbuka. Mpaka naandika haya bado anagoma, anasema wengine watadhani ni gemu ya kaa wa baharini. Tunaendelea kubishana.

La pili ni giza. Ukurasa wa Steam wenyewe una rangi ya buluu iliyokolea. Ukiweka picha ya usiku juu ya ukurasa wa usiku, kingo zinapotea na kava inakuwa shimo. Hapa hatuna haja ya mwalimu kutoka mbali. Chukua kanga ya mama yako, itandaze. Ina pindo linaloizunguka, ina mji pale katikati, ina jina, yale maandishi. Vitu vitatu, hakuna cha nne. Pindo linasema kanga inaishia wapi ili isichanganyike na ulimwengu. Mji ni kitu kimoja kikubwa kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Jina ni fupi, linasomeka mvaaji akiwa anatembea. Tangu Septemba 2022 Steam nao wamekataza kujaza kava kwa sifa za magazeti, nembo za tuzo na matangazo ya punguzo la bei. Wanataka mchoro, jina la gemu na jina lake dogo kama lipo, basi. Kwa maneno mengine wamefika pale mafundi wa kanga walipofika zamani. Kwa hiyo jamaa atafute pindo: mwanga wa kaa ufike mpaka ukingoni, au jani la sale lizunguke picha, kwani sale ndilo jani letu la mpaka wa kihamba na la kuombana radhi. Na kwa mgomvi kama Kibo, radhi inahitajika.

Vijana wenzangu, mnaochora na mnaotunga, kipimo ninachowaachia hakigharimu kitu. Ipunguze kava yako mpaka ilingane na ubavu wa kiberiti. Mwonyeshe mtu asiyeijua kazi yako, muda wa kukonyeza jicho, kisha ifiche. Usimuulize kama ni nzuri, atakudanganya kwa adabu. Muulize: nani anafanya nini? Akikujibu kwa majina matupu, mlima, simba, shujaa, rudi mezani. Akikujibu kwa kitenzi, umeshika njia. Halafu muulize swali la pili: aliyechora alisimama wapi? Hilo pengine hataweza kulijibu, lakini wewe unalijua jibu, na ndilo litakaloamua kama gemu yako ni ya kwako au ni kadi ya posta uliyoipigia mwenyewe mhuri.

Juzi nilimjaribia mdogo wangu wa darasa la tano ile kava ya tatu, kwenye simu, sekunde moja. Akasema, "Anaficha moto usiibwe." Si sawasawa na hadithi, anaukinga na upepo, haibiwi. Lakini kasema kitenzi, tena kwa wasiwasi, na papo hapo akaomba simu acheze. Tukamwambia gemu haijatoka. Dola 100 zile bado zinachangwa.